Makadirio ya Bahari ya Taifa

Nchi hii msiitafute kwenye ramani, mtachoka bure. Iko katikati kabisa ya bara, mbali na pwani kiasi kwamba mtoto wa shule akiulizwa wimbi ni nini, anajibu bila kusita kuwa ni nafaka ya uji, na mwalimu anampa vema. Wananchi wake ni watulivu na viongozi wake ni wachapakazi. Lolote mtakalolisikia hapa likafanana na jambo mlilowahi kuliona kwenu, basi ni kwa sababu binadamu wote tumeumbwa na Mungu mmoja.

Kiongozi wa nchi hiyo, ambaye katiba inamwita Mlezi wa Taifa, alisafiri kwenda ng'ambo kuomba mkopo wa barabara. Katika hoteli aliyofikia, ukuta mzima wa ukumbi wa mapokezi ulikuwa kioo, na nyuma ya kioo kulikuwa na bahari. Matumbawe ya zambarau na kijani yalipungapunga kana kwamba kuna upepo humo ndani, na samaki wa kila rangi walipita taratibu kama mabibi harusi wanaojua kwamba wanatazamwa. Mlezi alivuta kiti akaketi. Chai ilipoa mkononi mwake. Chakula cha mchana kililetwa kikarudishwa. Wenye mkopo walimsubiri chumba cha mikutano, wakachoka, wakafunga mikoba yao wakaenda zao.

Aliporudi nyumbani alisimama kwenye ngazi ya ndege, akautazama umati uliokuja kumpokea, akasema kwa uchungu:

"Wenzetu wana bahari ndani ya nyumba. Sisi hata nje hatuna."

Watu walilia. Waziri wa Mifugo alilia kuliko wote, na kabla jua halijazama alikuwa ameshateuliwa kuwa Waziri wa Bahari.

*

Bi. Yusta Mahimbo, Mkurugenzi wa Bajeti katika Wizara ya Hazina, hakulia siku hiyo, kwa kuwa hakuwapo uwanjani. Alikuwa ofisini akihangaika kutafuta fedha za barabara ambayo mkopo wake ulikuwa umeachwa hotelini. Alikuwa mjane wa makamo, mpole wa sauti, na mjini alijulikana kwa jambo moja: hajawahi kuandika uongo kwenye bajeti ya serikali. Wenzake walimhurumia kwa hilo, kama mtu anavyohurumiwa kwa kigugumizi.

Waziri mpya, Mheshimiwa Sostenes Kabwogi, aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Bi. Mkurugenzi, nataka makadirio ya bahari. Ukumbi tumeshapata, ule wa maonyesho ya kilimo unaotazamana na hospitali ya mkoa. Nataka kesho asubuhi."

"Bahari ya ukubwa gani, Mheshimiwa?"

"Kubwa."

Nyuma ya Waziri alikuwa amesimama mwanamke mrefu aliyejitanda mtandio wa rangi ya machungwa. Huyu alikuwa Zulekha Mwinyikai, mhandisi wa matangi ya samaki, aliyeletwa kwa mkataba kutoka nchi jirani yenye pwani. Malipo yake kwa siku yalipita mshahara wa mwezi wa Bi. Yusta, na hakuona sababu ya kulificha hilo wala ya kulionea fahari. Waziri alipoondoka, Zulekha alivuta kiti, akakubali chai, akaionja, akaongeza sukari.

"Sasa nikwambie kweli, bibi wee," alisema. "Watu wote huniuliza bei ya tangi. Tangi ni mahari tu. Matunzo ndiyo ndoa yenyewe."

Akaanza kumweleza. Kwanza kioo chenyewe, kinene kama ukuta, maana maji ni mazito na hayana huruma. Halafu pampu za kuyazungusha usiku na mchana, taa za kuyadanganya matumbawe kwamba jua limetoka, mashine ya kupoza maji, na mashine ya kukamua uchafu kwa povu. Maji ya bomba hayafai, yana dawa na kutu. Sharti yachujwe tone kwa tone, ndipo yatiwe chumvi ya bahari kwa magunia. Yakishajaa, yaachwe wiki kadhaa bila samaki hata mmoja, mpaka vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane humo. Hapo ndipo samaki waingie, tena wachache wachache. Na hata baada ya hapo, kila wiki sehemu ya maji itolewe, mapya yatiwe.

"Na umeme," Zulekha alisema, akiinua kidole. "Umeme usikatike. Pampu zikisimama samaki wanakosa hewa, ni kama mtu aliyewekewa mto usoni. Umeme wenu hukatika?"

"Wetu haukatiki," alijibu Bi. Yusta. "Wetu huja mara mojamoja."

Wakapiga hesabu pamoja hadi chupa ya chai ikaisha. Ilipotimia, Bi. Yusta aliitazama jumla akahisi mgongo unamuuma. Matunzo ya mwaka mmoja yalikuwa yanakaribia bei ya tangi zima pamoja na samaki wake. Aliandika yote kama yalivyo, maana hakujua njia nyingine ya kuandika.

*

Baraza la Mawaziri lilipitisha ununuzi wa bahari kwa makofi. Lilipofika kwenye matunzo, likanyamaza.

"Hii matunzo ni kitu gani?" aliuliza Waziri Kabwogi.

"Ni gharama ya kuiweka bahari hai, Mheshimiwa."

"Bi. Mkurugenzi, wewe ni mtu wa ofisini, siasa huijui. Matunzo hayazinduliwi. Umeshamwona wapi mtu anakata utepe wa matunzo?"

Bi. Yusta alikiri kwamba hajawahi kumwona. Basi matunzo yakafutwa yote, isipokuwa fungu moja alilolipendekeza Waziri mwenyewe, la kujenga josho. Zulekha alimweleza kwamba samaki hawana kupe.

"Hawana kwa sasa," alijibu Waziri, aliyekuwa mtu wa kuona mbali.

Kilichobaki kumsumbua Bi. Yusta kilikuwa jenereta. Bila jenereta bahari isingemaliza hata siku moja, na fedha za kununua jipya hazikuwapo. Akazunguka na kalamu yake, akapekua orodha ya mali za serikali, akaona kuna jenereta moja kubwa, zima, linalomilikiwa na serikali mjini hapohapo. Akaandika: *Jenereta halitanunuliwa, litumike lililopo.* Akatia sahihi. Alijisikia vizuri kwa kuokoa fedha ya umma. Akiwa njiani kwenda nyumbani alinunua hindi la kuchoma, akalila akitembea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Hakuuliza jenereta hilo lilikuwa linawasha nini.

Alijua siku ya tatu, pale mdogo wake alipompigia simu. Leokadia alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya mkoa, ileile inayotazamana na ukumbi wa maonyesho. Alikuwa mtu wa kucheka hata kwenye msiba, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa kavu.

"Dada, juzi walikuja wanajeshi na lori. Wamebeba jenereta letu."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yako. Karatasi ninayo hapa, ina sahihi yako. Ile unayozungusha mkia wa mwisho."

Bi. Yusta alikaa kwenye kiti chake, kisha akagundua kwamba alikuwa amekaa tangu mwanzo.

"Jana umeme ulikatika," Leokadia aliendelea. "Nimemzalisha mama kwa tochi ya simu. Simu nimeing'ata kwa meno. Yule amepona, na mtoto wake amepona. Nimekupigia ili ujue tu, dada. Sina la kukulaumu, najua una kazi nyingi."

Hayo maneno ya mwisho yalimkata Bi. Yusta kuliko tusi. Alitoka hapohapo akaenda kwa Waziri, akamweleza kwamba palikuwa na makosa, na makosa yalikuwa yake, na jenereta lile lilikuwa la wodi ya wazazi.

"Lilikuwa," alisema Mheshimiwa Kabwogi kwa upole. "Sasa ni la Taifa. Kwani hao wazazi si sehemu ya Taifa? Basi wanalo bado."

*

Bahari ilijazwa maji na kuzinduliwa wiki hiyohiyo. Zulekha alipiga kelele kwamba maji hayajakomaa. Waziri aliwaagiza vijidudu waharakishe, na agizo hilo lilisomwa redioni. Samaki wakaletwa kwa ndege, wakaingizwa wote kwa mpigo, utepe ukakatwa, na Mlezi akaketi mbele ya kioo chake akiwa na uso wa mtoto aliyenunuliwa viatu. Wiki ya pili samaki walianza kuelea kichwa chini miguu juu, ingawa samaki hawana miguu. Ndivyo gazeti la serikali lilivyoandika.

Mlezi alisusa chakula. Nchi nzima iliambiwa kwamba amesusa, na watu wengi walioamka bila chakula siku hiyo walijisikia kwamba wako pamoja naye. Alipokubali supu, alitoa amri mbele ya Baraza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa:

"Bahari isipungukiwe na kitu. Chochote chenye jina la Bahari kilipwe kabla ya vyote, na wa Bahari asitozwe hata senti. Atakayeuliza kwa nini, nitajua kwamba ni adui wa maji."

Mawaziri waliandika amri hiyo kwenye madaftari yao. Bi. Yusta, aliyekaa kwenye viti vya nyuma pamoja na wataalamu, hakuandika chochote. Alikuwa ametulia tuli. Mkutano ulipovunjika alimtafuta Zulekha ukumbini, akamkuta amepanda ngazi, mkono mmoja ndani ya tangi hadi begani.

"Samaki wakubwa, wale wanaofugwa ili watage," Bi. Yusta alimuuliza. "Kwa lugha ya kazi yenu mnawaitaje?"

"Samaki wazazi."

"Wazazi?"

"Wazazi. Kwani kuna nini?"

"Hakuna," alisema Bi. Yusta. Lakini moyo ulikuwa unamdunda kama msichana aliyetoroka kwenda ngomani.

Kesho yake alimpelekea Waziri makadirio mapya. Fungu la kwanza lilikuwa limeandikwa hivi: *Matunzo ya wazazi na watoto wao wachanga: umeme usiokatika, maji yaliyochujwa, dawa, mashine za joto, na vitanda.*

Mheshimiwa Kabwogi alisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika mwisho.

"Vitanda?"

"Wazazi hawawezi kulala chini, Mheshimiwa."

"Ng'ombe hulala chini."

"Ni kweli. Lakini hawa si ng'ombe."

Waziri alifikiri. Hakutaka kuonekana mtu asiyejua wazazi wa baharini hulala wapi, hasa mbele ya mwanamke wa Hazina. Akatia sahihi. Bi. Yusta alitoka akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, na kwenye korido alisimama akaisoma tena toka juu hadi chini. Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Hilo lilimfariji.

Siku chache baadaye mafundi walichimba mtaro wakavuka barabara, wakafukia waya mnene na bomba la maji kutoka ukumbini hadi hospitali. Zulekha ndiye aliyewasimamia. Alipoona bomba linaishia wapi, aliweka mikono kiunoni, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka begani.

"Ewe Bi. Yusta! Na upole wako wote huo!"

"Utanisema?"

"Nikuseme kwa nani? Mimi nimeajiriwa kutunza wazazi." Akauokota mtandio wake. "Ila nakuonya. Jenereta ni moja. Pande zote mbili zikitaka kwa wakati mmoja, hatari."

*

Basi wodi ya wazazi ikaanza maisha ambayo haijawahi kuyaota. Taa zilikuwa zinawaka. Maji yalitoka bombani yakiwa safi kuliko ya Ikulu. Watoto njiti walilala kwenye mashine za joto badala ya maboksi yenye chupa za maji moto. Kina mama walianza kuja kutoka wilaya za mbali, na kwa kuwa wa Bahari hatozwi, hakuna aliyeombwa hata bei ya uzi wa kushonea. Leokadia alirudi kucheka. Jumapili moja alikuja na kuku kwa dada yake, wakala pamoja, na hawakuzungumza neno hata moja juu ya sahihi yenye mkia.

Bungeni, Waziri wa Bahari alisimama kutoa taarifa ya robo mwaka.

"Mheshimiwa Spika, bahari yetu inazaa! Wazazi wetu wanajifungua usiku na mchana. Wengine wanajifungua pacha!"

Meza ziligongwa. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma, ambaye babu yake aliwahi kuishi pwani, aliomba mwongozo.

"Mheshimiwa Spika, nilidhani samaki hutaga mayai. Samaki hujifungua?"

"Wa nchi nyingine hutaga," alijibu Mheshimiwa Kabwogi. "Wa kwetu hujifungua."

Meza ziligongwa tena, kwa nguvu zaidi. Mbunge yule alipewa karipio kwa kukosa uzalendo.

Taarifa hiyo ilimfurahisha sana Mlezi. Akatangaza Siku ya Bahari, akawaalika marais wa nchi jirani waje waone. Na Waziri, ili wageni wasione sehemu tupu, aliongeza samaki mara tatu ya idadi aliyokubali Zulekha. Tangi likajaa kama soko la siku ya mnada.

*

Siku ya Bahari, saa nane mchana, ukumbi, uliozibwa madirisha ili kioo king'ae, ulikuwa umejaa suti na vitenge. Nje lilisimamishwa hema la vinywaji, lenye majokofu na spika kubwa kama makabati. Kwa agizo la Waziri hema hilo liliungwa kwenye swichi moja na ukumbi, ili soda nazo zipate hadhi ya samaki. Mlezi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kuhutubia, umeme wa mjini ukakatika. Jenereta likanguruma nyuma ya ukumbi, taa zikarudi, wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Bi. Yusta alikuwa kwenye chumba cha swichi pamoja na Zulekha. Simu yake iliita. Alikuwa Leokadia.

"Dada, nina mama mezani. Mtoto amekaa vibaya, daktari ameshampasua. Taa zinafifia huku. Zinafifia, dada, kuna nini?"

Sauti ya jenereta ilikuwa imebadilika, kama mzee anayepanda mlima na gunia.

"Linazidiwa," alisema Zulekha, mkono kwenye ubavu wa mashine. "Spika hizo na majokofu. Likizima lenyewe, leo halitawaka tena. Lazima tutoe upande mmoja, sasa hivi."

Ukutani kulikuwa na mikono miwili ya chuma ya kuwashia na kuzimia. Mmoja uliandikwa UKUMBI, mwingine WAZAZI. Mlango ulifunguka, Mheshimiwa Kabwogi akaingia jasho likimchuruzika mpaka kwenye tai.

"Kuna nini? Taa zinapepesa! Mlezi ameangalia juu mara mbili!"

Zulekha alimweleza kwa maneno machache.

"Sasa mnangoja nini? Zimeni wazazi! Wazazi watasubiri."

Zulekha alimtazama Bi. Yusta. Bi. Yusta alikuwa bado ameshika simu sikioni, na ndani ya simu alimsikia mdogo wake akimwambia mtu, kwa utulivu wa kutisha, ashike tochi karibu. Aliwafikiria samaki pia. Alikuwa amejifunza kuwapenda, hasa samaki mmoja wa bluu, aina ya kangaja, aliyekuwa anamfuata kila akipita mbele ya kioo. Alijua kitakachowapata.

"Mheshimiwa," alisema, "wazazi hawasubiri."

Akavuta mkono ulioandikwa UKUMBI.

Hotuba ilikatika katikati ya neno. Kioo kikubwa kikawa cheusi, na ule mchururiko wa maji ambao watu walikuwa wameshauzoea, ukanyamaza. Katika kiza hicho ilisikika sauti ya Mlezi, ndogo kuliko ilivyokuwa imezoeleka kusikika.

"Nani amezima bahari?"

Waziri alikuwa amejificha nyuma ya jenereta. Bi. Yusta alitoka chumba cha swichi akiongozwa na tochi za walinzi, ambazo zote zilikuwa zimemwelekea usoni.

"Ni mimi, Mtukufu."

"Kwa nini?"

"Kuna mzazi anajifungua."

Walinzi wawili walishamshika mikono. Ndipo Mlezi akapiga kofi moja la furaha.

"Sasa hivi? Anajifungua sasa hivi? Na mimi naambiwa hadithi tu kila siku! Nipelekeni nikaone! Twende wageni wangu, mkaone samaki wa kwetu anavyojifungua!"

Basi msafara wote ukavuka barabara. Mlezi mbele, marais nyuma yake, walinzi wakiwa hawajui kama wamemkamata Bi. Yusta au wanamsindikiza. Leokadia aliwakuta kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, gauni lake likiwa na damu, akanyoosha mkono.

"Hapa hapaingiwi na viatu."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia Mlezi hivyo. Kabla hajajua la kufanya, nyuma ya mlango kulisikika mtoto analia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa. Mlezi alisikiliza. Alichungulia kupitia kioo kidogo cha mlangoni, akaona kitanda, na juu yake mwanamke amelala, uso umelowa jasho. Mwanamke huyo aliitwa Skola, na alikuwa muuza mchicha.

"Samaki yuko wapi?" Mlezi aliuliza taratibu.

Mheshimiwa Kabwogi, aliyekuwa amejipenyeza mwishoni mwa msafara, aliyafungua macho yake yote, akayafumba. Bi. Yusta alihisi vidole vya mlinzi vinabana tena. Lakini kabla hajasema kitu, rais mmoja mgeni, mama wa umri mkubwa mwenye miwani mizito, alimgeukia Mlezi na kumkamata mkono kwa nguvu.

"Ndugu yangu, hongera! Nimetembezwa kwenye matangi ya samaki nchi nyingi. Hakuna hata moja lililonionyesha hili. Kuwatafutia wazazi umeme kwa kupitia mgongo wa samaki! Wazo hili ni la nani?"

Marais wengine walianza kupiga makofi, na kamera zikawaka. Mlezi alimtazama Bi. Yusta, akamtazama yule mgeni, akazitazama kamera.

"Ni langu," alisema. "Tangu mwanzo."

*

Operesheni ilipokwisha Zulekha alirudisha umeme ukumbini. Ilikuwa ni nusu saa tu, na tangi lenye samaki wa kadiri lingeweza kuvumilia. Lile lililosheheni halikuvumilia. Zulekha alishinda ameinama na wavu, akiwatoa mmoja mmoja. Kangaja wa bluu alimtoa mwishoni, akamweka pembeni peke yake, kisha akanawa mikono akaenda kudai malipo yake.

"Ukija pwani unitafute," alimwambia Bi. Yusta walipoagana. "Nitakuonyesha bahari isiyohitaji bajeti."

Redio ilitangaza kwamba samaki wa Taifa wamestaafu kwa hiari. Wodi ikaitwa rasmi Kituo cha Wazazi wa Bahari, na picha ya Mlezi ikatundikwa mlangoni, akiwa na viatu. Bi. Yusta naye aliitwa mbele ya kamati, kwa kuwa mpango ulikuwa wa Mlezi, na mtu aliyeutekeleza kabla ya Mlezi kuuwaza alikuwa amemtangulia. Kosa hilo halikuwa na jina katika sheria, likapewa jina la kuzima bahari.

"Ulipovuta ile swichi, ulijua samaki watakufa?" aliuliza mwenyekiti.

"Watastaafu, Mheshimiwa. Nilijua."

"Kwa nini basi hukuomba kibali?"

"Kibali hupita ofisi sita. Yule mama alikuwa ameshapasuliwa."

Kamati iliandika kwamba shahidi hajibu maswali. Akafukuzwa kazi, kiinua mgongo kikazuiwa mpaka bahari itakapopata samaki wengine. Mheshimiwa Kabwogi alipewa nishani ya uzazi.

Bi. Yusta aliyapokea hayo vibaya kuliko alivyotarajia. Wiki za kwanza aliamka, akavaa, akafika getini kwake, ndipo akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Aliogopa uzee bila fedha. Alilima matuta ya vitunguu nyuma ya nyumba na kuyahesabu kila asubuhi, maana kuhesabu hakukumwacha. Mkurugenzi mpya aliendelea kuidhinisha bajeti ya Bahari kama ilivyokuwa, kwa sababu amri haikufutwa na hakuna aliyethubutu kuuliza. Ukumbini palibaki tangi lenye matumbawe meupe kama mifupa, wanafunzi wakilipa kiingilio na kuambiwa kwamba samaki wamepumzika. Fungu la wazazi liliongezeka kila mwaka.

Asubuhi moja Skola, yule muuza mchicha, alibisha hodi, mtoto mgongoni. Alikuwa ameelekezwa nyumba na Leokadia. Walisalimiana, akakaribishwa kwenye mkeka, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la kanga.

"Mama, nimekuja na shida. Nimeambiwa wewe unazijua karatasi za serikali. Hiki ni cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Nisomee hapo palipoandikwa mimi."

Bi. Yusta alivaa miwani. Kilikuwa cheti halali, chenye mhuri wa Wizara ya Bahari. Kwenye nafasi ya mama kulikuwa kumeandikwa jina kamili la Skola, na chini yake: *Aina: samaki mzazi, wa maji chumvi.* Alisoma kwa sauti, bila kuongeza wala kupunguza.

"Sasa umeona!" Skola alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimeandikwa samaki. Na mtoto je?"

"Na mtoto pia."

"Mimi ni mwananchi, mama! Nimezaliwa hapahapa, kura napiga. Wanaandikaje hivi? Niambie niende ofisi gani wakanibadilishie."

Bi. Yusta aliigeuza karatasi, akaangalia nyuma, akaikunja vizuri kama ilivyokuja.

"Mtoto akiugua homa, huwa unampeleka hospitali?"

"Nimeshampeleka mara mbili."

"Ulilipa shilingi ngapi?"

Skola alifikiri. "Sikulipa. Walitazama hicho cheti, wakanipa dawa."

"Na jirani yako, mwanawe alipougua?"

"Yule aliuza cherehani."

Bi. Yusta alimrudishia karatasi mkononi, akamfumbatisha vidole juu yake.

"Usiende ofisi yoyote, mwanangu," alisema. "Wakikubadilisha ukawa mwananchi, utalipa."

Skola alimtikisa mtoto taratibu mgongoni. Kisha akarudisha cheti kwenye pindo la kanga, akapiga fundo, akalikaza kwa meno.

"Kuna mdogo wangu ana mimba ya miezi saba," alisema akiinuka. "Nimlete lini akaandikishwe?"